Ukiulizwa, Usiniangalie

Likombe, Mtwara
Alhamisi, baada ya alasiri

Shaibu mwanangu,

Asubuhi ulinipa shikamoo ukiwa umeshanipa mgongo, nami nikaitikia nikiutazama huo mgongo mpaka ulipokata kona kwenye mkorosho wa jirani. Sasa uko Nanyamba kumuaga bibi yako na mjomba wako. Utarudi na gari la mwisho, utalala kidogo, na kesho alfajiri basi litakuchukua. Nimeona hatutapata nafasi ya kuzungumza vizuri, na hata tukiipata, tangu Jumanne mimi na wewe tunaongea kama watu wanaouziana mkaa. Ndiyo maana nimekaa hapa ukumbini na karatasi.

Mambo ya kula, kulala na kuchunga simu stendi siyaandiki. Hayo nimeyasema mpaka kuku wa jirani wanayajua. Nataka kuandika juu ya lile neno uliloniambia Jumanne, umesimama mlangoni na viatu vyako mkononi. Ulisema, "Mama, umenivunjia watu."

Neno hilo limenikaa kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mjomba wako Athumani, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa amejiandaa kukusindikiza mpaka Moshi, kwenye hilo duka la vifaa vya wapanda mlima walikokuita kwenye usaili wa kazi ya kuuza. Alishapiga pasi koti lake. Wewe mwenyewe ulifurahi, nilikuona. Mimi nikamwambia asiende. Hayo unayajua. Usichokijua ni kwa nini, kwa sababu sikukuambia. Nilidhani mtoto mwenye akili atajijazia mwenyewe, kumbe umejijazia kwamba mama ana roho ngumu.

Basi sikiliza.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa huku kwetu, wewe ndiyo kwanza unaanza shule, mji wetu ulijaa wageni. Kodi za vyumba zilipanda, watu wakauza viwanja wakanunua pikipiki, na kila aliyekuwa na banda la kuku alilipaka rangi akaliita gesti. Pale mjini likafunguliwa duka moja, siku hizi halipo, lililokuwa likiwauzia watu wa kupima ardhi na wachimbaji. Buti ngumu, makoti ya mvua, mahema, taa za kuvaa kichwani. Mbele kioo kitupu, ndani feni. Wakabandika tangazo kwamba wanatafuta mwuzaji anayejua kuzungumza na watu. Baba yako alikuwa ameshavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, akatuma salamu, akatuma tena, kisha salamu zikakoma. Mimi nilikuwa nauza maandazi. Nikapeleka jina langu, wakaniita.

Wewe ni mtoto wa huku, unatujua. Kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa akajisemea. Posa ina msemaji, msiba una msemaji, kesi ya shamba ina msemaji, na msemaji huyo ni mjomba, au kaka mkubwa kama mjomba hayupo. Anayekwenda kujisemea mwenyewe watu humtazama wakaulizana, huyu hana kwao? Kwa hiyo nilipoitwa sikufikiri mara mbili. Nilimpigia kaka. Naye hakufikiri mara mbili. Alikuja kutoka Nanyamba nyuma ya pikapu, amevaa lile koti lake la kijivu, na mkononi ana mfuko wa korosho za kukaanga, maana mkono mtupu haulambwi.

Tukaingia wawili. Ndani alikuwepo dada mmoja wa kutoka Dar, mwenye miwani, na kijana wa kuandika. Yule dada alitutazama, akatazama karatasi yake, akatutazama tena.

"Nani kati yenu anafanyiwa usaili?"

"Sisi," kaka akajibu. "Huyu dada yangu. Mimi ndiye nkubwa wake."

Akaweka korosho mezani. Yule dada akazirudisha kwa kidole kimoja, taratibu. "Mzee, vitu kama hivi hatupokei." Kaka akatabasamu, akadhani ni ile adabu ya kukataa mara ya kwanza, akazisukuma tena kwake. Zikaenda, zikarudi, zikaenda, mpaka yule kijana wa kuandika akainama chini ya meza akijifanya ameangusha kalamu.

Ndipo maswali yakaanza. "Mteja akikwambia bei ni kubwa, utamjibu nini?"

Kaka akakaa sawa, akasafisha koo. "Dada yangu huyu hana ugomvi na ntu. Tangu yuko ntoto hajagombana kisimani. Nyumba yake, njoo saa unayotaka wewe, utaikuta imefagiwa."

"Nimemwuliza yeye, mzee."

Akanigeukia. Mimi nikamwangalia kaka. Nikasema, "Kama alivyosema kaka."

Swali lililofuata, kama alivyosema kaka. Na lililofuata. Mwisho yule dada akafunga faili bila hasira yoyote, akasema asanteni sana, tutawapigia. Nje kwenye benchi alikuwepo msichana mmoja, binti wa mwalimu aliyehamia kutoka bara, amekaa peke yake na bahasha mapajani. Nilimwonea huruma, Shaibu. Nilisema moyoni, maskini, hana hata wa kumsindikiza. Kazi aliipata yeye.

Njiani kaka alisema, "Wametupenda. Umeona alivyokuwa anatuitikia?" Nikasema nimeona. Tukazila zile korosho wenyewe, tukitembea.

Mcheke mjomba wako kidogo kama ninavyomcheka mimi, lakini usizidishe. Kwetu kusemewa ni kupendwa. Baba yako alipopotea na ndugu zake wakaja kuulizia mabati ya nyumba hii, ni kaka aliyekaa barazani kutwa nzima akizungumza nao, hakupandisha sauti hata mara moja, mpaka wakaaga. Nilipolazwa, sauti yangu imekauka, ni yeye aliyemweleza daktari wapi panauma, na alipatia. Sijawahi kuonewa na mtu kaka akiwa pembeni yangu. Ila ukisemewa vizuri, tena na mtu anayekupenda, ulimi wako unazoea kukaa. Unakuwa kama mgeni mdomoni mwako mwenyewe.

Na kinachoniuma si ile kazi. Duka lenyewe lilifungwa gesi ilipopoa, na huenda yule binti alirudi kwao na bahasha yake. Kinachoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Mwanamke aliyeuza maandazi barabarani asijue la kumwambia mtu anayelia bei? Nililijibu swali lile jioni ile ile nikikoroga uji. Nikalijibu tena kesho yake nikifua. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimjibu yule dada mwenye miwani, hapa hapa jikoni, na jibu langu limezidi kuwa zuri, halina wa kulisikia. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikakuambia nasoma dua.

Baadaye ndiyo nikaanza biashara hii ya viatu vya mtumba, na wewe ukakulia ndani ya rundo. Tulikuwa tukifungua belo, unakimbilia buti kabla ya viatu vingine vyote. Unakwangua udongo uliokaukia kwenye soli kwa msumari, unauweka kwenye kopo, unasema hii ndiyo nchi ya Wazungu. Ulipanda pilipili kwenye udongo ule, ikakataa kuota, ukalia siku nzima. Pale ndipo ulipoanza kujua viatu. Kipi kimeshonwa na kipi kimebandikwa kwa gundi, kipi cha mtu wa kutembea mbali na kipi cha kupigia picha. Sikukufundisha mimi. Ulivyoanza kuandikiana na watu wa Moshi kwenye simu na kuwatumia picha za buti ulizozikarabati, nilidhani ni mchezo, mpaka siku walipopiga na mtu akasema anataka kuzungumza na Shaibu.

Mlima siujui. Baridi siijui, ukiacha ile ya kipupwe inayotufanya tutafute kanga ya pili. Uliponieleza kwamba duka lile linauza mfuko wa kulalia, mtu mzima anaingia humo akavuta zipu mpaka kidevuni kama muhogo kwenye gunia, nilicheka nikadhani unanitania. Kwa hiyo juu ya bidhaa zao sina la kukuambia. Nina moja tu la kuuza na kununua, nalo lilinigharimu mtu.

Unamkumbuka yule mlinzi wa bandarini, mtu wa Songea, mrefu? Alikuwa mtani wangu. Akifika kibandani lazima tuanze kwa kutukanana. Anasema Wamakonde mmekula panya wote sasa mnauza viatu vyao, nami namwambia Mngoni toka hapa, mlikimbia vita mkasema mmehama. Wateja wanasimama kutusikiliza, na wakisimama wananunua. Siku moja akataka koti la mvua kwa ajili ya lindo la usiku. Nilikuwa nalo moja, zuri kwa macho. Nikamwambia, "Hili hata ukisimama chini ya bomba maji hayaingii." Sikuwa nimelijaribu. Nilitaka tu aondoke nalo akiwa anacheka.

Masika yakaanza. Alikuja asubuhi moja ametoka lindoni, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi. Hakugombana. Alilivua lile koti, akaliweka juu ya rundo, akasema, "Dada, ungesema tu hujui." Fedha zake nilimrudishia, lakini tangu siku ile utani umekwisha. Akipita ananisalimia, ananiita mama, kwa heshima kabisa. Wewe unajua mtani akianza kukuheshimu maana yake nini. Ile heshima inaniuma kuliko matusi yote aliyowahi kunitupia.

Huko wakikushikisha kitu usichokijua wakakuambia kiuze, utajiamulia mwenyewe la kusema. Mimi nimekusimulia tu habari za yule Mngoni.

Sasa nirudi kwenye mambo yetu, maana najua unasoma huku midomo umeifunga.

Walipokuambia kwamba kwenye usaili utapewa kitu na utamwuzia mtu palepale, tulianza mazoezi. Hizo zilikuwa jioni nzuri. Nimekaa kwenye mbuzi ya nazi, mimi mteja. Wewe umening'iniza chandarua chetu kwenye kamba, hilo ndilo hema. Nikakuuliza, "Kijana, hema hili simba haingii?" Ukasema, "Mama bwana!" Nikakuambia, "Mama yako nani? Mimi mteja nimetoka mbali na miguu inaniuma." Ukacheka mpaka ukaketi chini. Kisha ukasimama, ukaniuliza nalala wapi, na watu wangapi, mvua au jua, na ukaniambia kwamba kwa safari yangu hema lile ni kubwa bure, nitafute dogo. Nikasema moyoni, ah, huyu ameshaipata kazi.

Lakini niliona jambo. Kila ukimaliza kujibu unaniangalia. Si unavyomwangalia mteja. Unaangalia kama umepatia. Unasema sentensi moja, macho yako yanakuja kwangu kuchukua ruhusa, ndiyo unasema ya pili. Nikajaribu kukaza uso nisionyeshe kitu. Haikusaidia, wewe unanisoma hata nikiwa nimelala. Na niliyajua yale macho, Shaibu. Mimi mwenyewe niliyatumia, chini ya feni, kumtazama kaka.

Ndipo siku ile nikakuuliza swali ambalo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. "Kwa nini unataka kuondoka nyumbani?" Ukaanza, "Nataka..." halafu ukaniangalia. Nami nikageuza uso. Nikaangalia sufuria ya kisamvu, ambayo hata haikuwa inachemka. Ukanisubiri nigeuke, sikugeuka. Ukasema, "Basi tuache," ukafungua chandarua kwenye kamba, ukatoka nje. Mazoezi yakaishia hapo. Ulidhani nimekasirika kwamba unaondoka.

Jumapili kaka akaja kupanga ile safari ya kukusindikiza. Wewe ulikuwa kibandani. Nilimwandalia ugali na samaki, akanawa, akaanza kunieleza atakavyozungumza na watu wa Moshi. Ana maneno yote tayari. Kijana wetu havuti, hanywi, ana mikono ya kazi. Alikuwa na furaha, uso wake umenyooka kama miaka ile. Nilimwacha amalize.

"Kaka," nikasema, "Shaibu aende peke yake."

Akadhani hajasikia. "Peke yake na nani?"

"Peke yake."

"Ntoto wa watu anakwenda kwenye ofisi ya watu kama yatima?"

"Wanataka kumsikia yeye, kaka. Ukiwepo hatasema. Mimi sikusema."

Hapo nilimkosea, maana sikuwahi kumkumbusha siku ile. Yeye alikuwa anaikumbuka kama siku tuliyopendwa. Nilimwona akiitazama upya, pale pale mbele ya sahani, na ule mfuko wa korosho ukienda na kurudi. Akaosha mikono hajala.

"Kwa hiyo ntoto huyu sasa hana wajomba."

"Anao. Kesho na keshokutwa atakuhitaji kwa mengine. Hili mwachie."

Akavaa viatu, akatoka. Ulipokuja ukauliza mbona samaki hajaguswa, nikakuambia mjomba aliwahi gari. Jumanne ukaambiwa na binamu yako yaliyotokea, ukaja na neno lako mlangoni. Na leo umekwenda Nanyamba kumwomba radhi kwa niaba yangu, au ndivyo ninavyodhani, hukuniambia.

Sitakuficha, siku hizi chache nimeuona upweke ulivyo kabla haujafika wenyewe. Kaka hapigi simu. Wewe upo na haupo. Jana nilifunga kibanda peke yangu. Turubai lile halikunjwi na mtu mmoja, unalijua. Nikashika ncha mbili za huku, za kule zikabaki chini kwenye vumbi. Nikazunguka nikashika za kule, za huku zikaanguka. Nikasimama katikati nimelikumbatia lote kifuani, na watu wanapita wananipa pole ya kazi. Nilililia lile turubai. Nikajiambia, mwanamke, unatamani mtoto afeli usaili ili upate wa kukushikia turubai? Na jibu la kweli, Shaibu, lilikuwa ndiyo. Kwa muda mfupi lilikuwa ndiyo. Nimeomba dua uipate kazi hiyo, na sijui kama moyo wangu haukuomba nyingine chini chini kwenye swala ile ile. Mwenyezi Mungu ananijua, atachagua iliyo ya mama.

Usaili wenu ukienda vizuri utakaa huko. Utakuja Idi, na baadaye utakuja Idi moja na nyingine utasema kuna watalii wengi. Sikulaumu kabla hujafanya. Nasema tu nalijua.

Niliacha kalamu kidogo hapa. Simu iliita, ni kaka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Haloo, dadaangu."

"Kaka."

"Ntoto kafika. Kala."

"Ahsante."

Nikasikia kuku wa mama na mtu akitwanga. Kisha akasema, "Nilikuwa nshavaa koti."

"Mh."

"Nikamwambia twende, mama yako tutaongea naye tukirudi. Akaniambia, mjomba, kaa. Nikiwa na wewe kule, nikiulizwa nitakuangalia wewe." Akavuta pumzi. "Nikamwuliza, mama yako ndiye kakutuma unambie hivyo? Akasema hapana, mama hajaniambia kitu. Kweli hujamwambia?"

"Sijamwambia."

"Sasa kalitoa wapi?"

Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na barua hii kwa mwingine, na mbele yangu naiona ile sufuria ya kisamvu.

"Kajisemea vizuri," kaka akasema. "Mimi imeniuma, sikatai. Lakini kajisemea vizuri. Hakukata maneno, wala hakuangalia chini." Halafu, kwa sauti ya mtu anayejipa kazi mpya, "Nimempa koti. Moshi kuna baridi. Kesho nakuja stendi. Sisemi kitu, nakuja kusimama tu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, akaniuliza nina mafua.

Kwa hiyo barua yangu imechelewa. Nimeandika kurasa zote hizi kukueleza jambo ambalo umeshalijua na kulifanya, tena kwa mtu mgumu kuliko watu wa Moshi. Ningeweza kuichana. Lakini umelijua na bado hujui mimi nilikuwa wapi katika hilo, na hiyo sehemu nataka uijue kutoka kwangu, maana hii nayo ni kujisemea.

Siku ile ya sufuria sikukasirika. Nilikunyima uso wangu makusudi, ili ujibu bila huo uso. Na sikuugeuza tena kwako kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, na ungeyaona ungebadilisha jibu. Ungesema sitaki kuondoka. Nakujua, ungesema hivyo, nami ningekubali, na tungekaa hapa wawili tukikunja turubai mpaka uzee.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la mjomba ukishalala. Utaikuta ukipata baridi.

Wakikuuliza huko kwa nini umeondoka nyumbani, wajibu lolote lililo la kweli. Mimi sihitaji kulijua. Na kesho stendi, basi likianza kutembea, utachungulia dirishani. Utamwona mjomba wako amesimama, hasemi kitu, kama alivyoahidi. Na mimi utaniona nimekupa mgongo, nimeelekea vibanda vya chai, na watu watajiuliza mama wa namna gani huyu. Waache. Usinisubiri nigeuke. Tazama mbele unakokwenda.

Nitageuka basi likishakata kona.

Mama yako,
Somoe